Mtunza jumba yumo, mtunza mtu hayumo: barua ya wazi kwa Waziri wa Leba

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Leba na Ulinzi wa Jamii. Nakala kwa Gavana wa Kaunti ya Nairobi na kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia usiku, kwa simu, nikiwa zamu. Ni saa nne na nusu na nyumba imetulia. Wamelala watu wanne, wote watu wazima, na mimi peke yangu niko macho. Saa nne nilimgeuza mmoja wao akalalia ubavu wa kulia; saa sita nitamgeuza alalie wa kushoto. Nafasi niliyo nayo ya kukuandikia ni hiyo iliyo kati ya kugeuza na kugeuza, kwa hiyo barua itakatikakatika. Univumilie.

Nawahudumia watu wazima wenye ulemavu katika nyumba ndogo huku Eastlands. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na moja. Nikiulizwa kanisani nafanya nini, hujibu, "Natunza watu." Wengine hudhani mimi ni nesi, wengine hudhani ni yaya. Mama mmoja wa chama chetu aliwahi kuniuliza, kwa upole kabisa, kama nimekosa kazi nyingine.

Sikumlaumu, maana hata serikali yangu haina jibu. Nimeisoma ile amri ya mishahara ya kazi za kawaida. Mwanangu alinipakulia kwenye simu nikaisoma ndani ya matatu, kwenda na kurudi. Daraja la chini kabisa yumo kibarua, mfagiaji, mtunza bustani, yaya wa watoto, mtumishi wa nyumbani, mlinzi wa mchana na tarishi. Ukipanda unamkuta mpishi, mlinzi wa usiku, karani, fundi cherehani, dereva wa gari la wastani. Ukizidi kupanda unamkuta fundi wa misumeno, na kwenye mstari wake huohuo, mtunza jumba. Yule anayekugongea mlango tarehe tano akiulizia kodi. Yuko juu ya karani, juu ya dereva.

Sina ugomvi naye. Wa ploti yetu ni mtu mwema na ana kazi ya kutosha: bomba, taka, stima, wapangaji wenye visingizio. Lakini niliisoma orodha ile mara tatu nikijitafuta. Anayetunza jumba yumo. Anayetunza mtu hayumo.

Unaweza kusema jina ni jina tu. Basi nikueleze linavyoingia mfukoni. Mahali pa kwanza nilipofanya kazi hii, sitapataja, nilipewa shilingi elfu tisa kwa mwezi, na karatasi niliyotia sahihi haikusema mshahara, ilisema "shukrani". Nilipouliza kuhusu kima cha chini, niliambiwa kazi yangu haimo kwenye orodha, kwa hiyo orodha hainihusu. Wengine wanatuhesabu pamoja na mfagiaji na tarishi, daraja ambalo Novemba 2024 kima chake hapa Nairobi kiliwekwa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi bila marupurupu ya nyumba, na hao ndio waajiri wazuri. Kila mtu anatuweka anapotaka, kama kiti cha ziada harusini.

Sasa ruhusa nikuonyeshe hiyo kazi isiyo na jina.

Huyu ninayemgeuza tunamwita Mheshimiwa. Samahani kwa kukutwalia cheo. Ana miaka 34, alizaliwa na utindio wa ubongo, na akikaa kwenye kiti chake cha magurudumu pale barazani huinua mkono mmoja kila mtu anapopita, kama mtu anayetafuta kura. Hasemi kwa mdomo. Akitazama juu, ni ndiyo. Akifumba macho, ni hapana. Ni Gor Mahia damu. Siku ya mechi lazima anyolewe ndevu na avae kijani kabla redio haijawashwa. Msichana mmoja aliyekuja kujifunza kazi alimvisha fulana ya buluu na nyeupe, rangi za wapinzani wetu AFC Leopards, siku ya debi ya Mashemeji. Mheshimiwa alifumba macho asubuhi, hakuyafungua mpaka alipovuliwa. Msichana yule alidhani ana usingizi.

Hapo ndipo kazi inapoanzia, Waziri, kwenye kujua kwamba huyu hana usingizi, amekataa.

Kumpa kikombe kimoja cha uji kunachukua dakika arubaini. Anakaa wima, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kinaingia nusu. Unangoja ameze, halafu unangoja ameze tena, kwa sababu mara ya kwanza hubaki kidogo kooni. Unasikiliza pumzi na sauti yake. Ikianza kuwa na majimaji, uji umeelekea kusikofaa na unasimama hapohapo. Akimaliza habebwi kurudi kitandani. Anakaa wima nusu saa nzima. Uji ukiingia mapafuni leo, wiki ijayo mna nimonia, na nimonia kwa mtu kama yeye ndiyo tunayoiogopa kuliko yote.

Mwingine ana kifafa. Inapomshika namlaza ubavu, naondoa meza, naangalia saa. Ikipita dakika tano natafuta gari la hospitali. Majirani wema wakiingia kazi huwa ni kuwazuia wao: huyu ana kijiko cha kumtia mdomoni, yule ana maji, wa tatu ameanza maombi. Maombi sizuii. Kijiko nazuia.

Ngoja, ni saa sita. Nakuja.

Nimerudi. Vitabu vinakwambia ukimgeuza mtu utafute wekundu kwenye nyonga, kisigino na mwisho wa uti wa mgongo, kwani ndiko vidonda vya kulala vinakoanzia. Walioandika walikuwa wakitazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani mapema. Unapapasa kwa mgongo wa mkono. Ukisikia joto au ugumu mahali fulani, hapo hapalaliwi tena mpaka pakae sawa. Hili nilifundishwa na mama mmoja mzee aliyestaafu akiwa na mgongo ulioharibika na bila senti ya pensheni. Katika miaka yangu yote Mheshimiwa amepata kidonda kimoja tu, na kilikuwa cha wiki mbili nilizolala nikiwa mgonjwa wa malaria.

Hakuja kwetu kwa kupenda. Alikuwa akiishi na mama yake mtaa wa Pipeline, ghorofa ya sita. Wewe umeyaona majumba ya Pipeline: ngazi nyembamba, giza mchana, na lifti ni hadithi. Mama yake alimbeba mgongoni kushuka na kupanda tangu akiwa mtoto, na mtoto hakukoma kukua. Mwisho mgongo wa mama ukakataa. Miezi minane Mheshimiwa hakushuka chini hata siku moja. Jua aliliona kupitia dirisha la jikoni, ambalo linatazamana na dirisha la jikoni la jirani.

Ili apate kadi ya ulemavu ya Baraza alihitaji kwanza kupimwa na kamati ya madaktari katika hospitali ya serikali. Mama alikodi vijana wawili wa kumshusha. Makanga akataka nauli ya Mheshimiwa, nauli ya mama na nauli ya kiti. (Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliwataka wenye magari ya abiria wayarekebishe yawafae watu hawa, ikawapa miaka miwili. Nauli ya kiti ndiyo marekebisho tuliyoyaona.) Walipofika hospitalini wakaambiwa daktari mmoja wa kamati hayupo, warudi wiki ijayo. Wakarudi. Vijana wawili tena, nauli tatu tena. Daktari alimtazama kwa muda mfupi kuliko mimi ninavyofungua pakiti ya nepi, akatia sahihi.

Nepi nikuambie pia, maana zinahusu wizara yako. Katika Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wahitaji pesa, familia inayoishi na mtu mwenye ulemavu mkubwa hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Mama yake anazipokea na anashukuru, nami simkatazi kushukuru. Ila ukizigawa kwa siku 30 ni shilingi 66 na senti. Pakiti moja ya nepi za watu wazima kwenye duka la dawa mtaani kwetu inakula nusu ya pesa hizo, na pakiti haimalizi wiki. Kiasi hicho hakijaongezwa kwa zaidi ya miaka kumi, ilhali unga, mafuta na nauli havikusimama kukingoja.

Lakini kilichonikaa moyoni si kiasi, ni masharti. Mpango wenyewe unasema mwenye ulemavu mkubwa ni yule anayehitaji kutunzwa wakati wote: kulishwa, kupelekwa choo, kulindwa asidhurike, kiasi kwamba mzazi au mlezi hulazimika kushinda naye nyumbani. Hayo ni maneno ya serikali. Maana yake mama yule anajulikana. Anajulikana kwamba hawezi kwenda kibarua, hawezi kufungua kibanda cha mboga. Amewekwa kwenye masharti ili mwanawe astahili, kisha ilipofika kwenye hesabu akaachwa nje. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya 900,000 wenye ulemavu, asilimia 2.2 ya watu wa miaka mitano na zaidi, na karibu 140,000 kati yao wana shida ya kujihudumia wenyewe. Nyuma ya kila mmoja wa hao 140,000 kuna mtu ameamka saa kumi na moja alfajiri. Huyo hakuhesabiwa.

Kuna jambo jingine, na hili nalisema kwa uchungu kidogo. Mjini siku hizi kila ghorofa ya pili ina chuo kinachofundisha uhudumu wa wagonjwa. Vijana wanajifunza miezi michache kwa kutumia mwanasesere, halafu wanaletwa kwetu wafanye mazoezi kwa watu halisi ili wapate muhuri. Tunawafundisha. Tunawaonyesha kidevu, ubavu, mgongo wa mkono. Wakishaiva wanaondoka: Uingereza, Marekani, Ghuba, na tangu Kenya na Ujerumani zitie sahihi mkataba wa uhamiaji wa kazi mjini Berlin, Septemba 2024, wengi wanaitazama Ujerumani. Wenzangu watatu niliofanya nao zamu wako ng'ambo. Mmoja ananipigia simu Jumapili. Anawahudumia watu wazima wenye ulemavu wa akili katika nyumba ya watu wanne, kama hii. Ana jina la kazi, analipwa kwa saa, na akiumia mgongo kuna fomu ya kujaza. Juzi aliniambia huko wanalalamika kwamba kazi hii hailipi vizuri na watu wanaiacha. Nilicheka mpaka nikamwamsha mtu.

Serikali inawaita vijana hao mashujaa kwa sababu ya dola wanazotuma, na siwaonei kijicho. Nami ningekuwa na miaka 25 ningeshapanda ndege. Ninachouliza ni kwa nini kazi ileile ni taaluma ikishavuka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na ikibaki Kayole ni moyo wa huruma.

Huo moyo wa huruma umetuponza sana. Wageni wanakuja na biskuti na kamera, wanamshika Mheshimiwa shavu, "mtoto mzuri huyu," mtu ana ndevu! Kisha wananigeukia mimi: "Mungu atakulipa." Amina. Mwenye nyumba hapokei malipo ya mbinguni.

Saa nane. Dakika kumi.

Haya. Nisije nikaonekana najipaka mafuta. Si wote tunaofanya kazi hii ni wema, na lazima uambiwe na aliye ndani. Nimewahi kukuta mtu mzima amefungwa kitandani kwa kanga kwa sababu aliyekuwa zamu alitaka kulala. Nimewahi kukuta mwanamke aliyenyimwa maji tangu saa nane mchana ili asikojoe usiku. Nilisema, na yule wa kanga akafukuzwa. Miezi mitatu baadaye nikasikia ameajiriwa katika nyumba nyingine, upande mwingine wa mji. Nani angewaambia? Hakuna sajili ya kuangalia na hakuna cheti cha kunyang'anywa. Dereva akiua mtu barabarani ana leseni ya kufutwa. Sisi, ambao tunaingia na mtu bafuni na kufunga mlango, hatuna hata karatasi. Ukiniuliza ni nani anayeumia zaidi kwa kazi hii kukosa jina, si mimi. Ni yule asiyeweza kusema.

Na sheria mpya ipo. Mei 2025 Rais alitia sahihi Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ikachukua nafasi ya ile ya 2003. Mwaka 2008 tulishaidhinisha mkataba wa Umoja wa Mataifa unaosema, katika kifungu cha 19, kwamba mtu ana haki ya kuishi katika jamii na kupata msaada wa kumwezesha kuishi humo. Msaada huo unaosemwa ni mtu, Waziri. Ni mikono miwili na mgongo mmoja, na mwisho wa mwezi mikono hiyo inataka unga.

Ninachokuomba kiko ndani ya uwezo wako. Sheria ya Taasisi za Leba ya 2007 inakupa wewe nguvu ya kuunda baraza la mishahara na kutoa amri. Walinzi wa kampuni binafsi wana amri yao wenyewe tangu 1998. Si kwamba wameshiba, lakini mlinzi akipunjwa kuna karatasi ya kumwonyesha afisa wa leba. Tupe amri yetu. Kama hiyo itachukua muda mrefu, basi ongeza mstari mmoja katika ile iliyopo, useme mhudumu wa watu wenye ulemavu, na useme ni daraja gani. Sichagui daraja. Nitaridhika ukiniweka pale pa mtunza jumba.

La cheti pia si gumu. Seremala aliyejifunzia kazi Gikomba, asiyekanyaga chuo, anaweza kwenda NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, akafanya mtihani wa ufundi mbele ya mtahini na akatoka na daraja lake. Tufanyie hivyo. Mlete mtahini. Tuwekee mtu wa kugeuza, kikombe cha uji na mtu aliyeshikwa na kifafa, utazame nani anajua na nani hajui. Wanaojua waandikwe. Asiyejua afundishwe, na yule wa kanga asiandikwe popote.

Kwa Gavana nina neno moja. Kaunti yako ina wadi 85. Mwaka 2023 serikali ilituma wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 nchi nzima, kila mmoja na mkoba wake, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi inayochangiwa na serikali kuu na kaunti. Posho ni ndogo na huchelewa, wenyewe watakwambia, lakini ilionyesha kwamba mtu anaweza kutumwa mlango kwa mlango na akaandikwa kwenye bajeti. Anza na wahudumu wawili kila wadi. Ni watu 170. Kazi yao iwe kumshikia zamu mama kama yule wa Pipeline, siku moja tu kwa wiki, ili naye aende kliniki, au chama, au alale. Mama yule aliniambia kwamba kabla mgongo haujakataa alikuwa hajalala usiku mzima kwa miaka 29. Alisema kama anayetaja idadi ya watoto wake, bila kulalamika.

Wale wa Baraza, tafadhali, kamati ya madaktari ipandeni ngazi. Daktari na kalamu yake wanafika ghorofa ya sita kwa urahisi kuliko mtu wa kilo 60 anayeshuka mgongoni kwa kijana wa kukodiwa.

Sina mengi zaidi. Nilitaka kukueleza pia habari za dawa za kifafa zinazokosekana kliniki na kutupeleka duka la dawa, lakini hilo ni la waziri mwingine, na simu yangu imebaki chaji asilimia tisa.

Kama utataka kujionea, njoo siku ya kawaida, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla ya chai. Usije na kamera. Mheshimiwa atakuinulia mkono, nawe muinulie wako. Ukitaka kumlisha, nitakuelekeza. Uje na dakika arubaini.

Ni saa kumi kamili, na huyu wa ubavu wa kulia ameanza kukohoa.

Wako,
Mhudumu wa zamu ya usiku, Eastlands, Nairobi